Mizigo ya Kilimanjaro

Tangu habari ienee mtaani kwamba binti yetu amejiunga na kikundi cha kuupanda mlima Kilimanjaro, barazani hatukupewa nafasi ya kupumua. Wazee walituuliza iwapo mwanamke ana shughuli gani mahali kama pale. Vijana walituuliza gharama. Akina mama, ambao ndio wasomaji wetu wengi, walituuliza lililo na maana kuliko yote: mtu wa Mombasa aliyezaliwa na joto na kulelewa na upepo wa bahari, afungashe nini? Maswali hayo yangali yakija hata sasa, na tumesikia kuwa wako mabinti wengine wanaonuia safari kama hiyo. Kwa hivyo tumeona yafaa tuyaandike yale yaliyopita nyumbani kwetu katika miezi minne ya matayarisho. Sisi wenyewe hatukupanda. Magoti yetu hayakuturuhusu, na hatukuona haya kuyasikiliza.

Kikundi kilikuwa cha watu wanane, wanawake wanne na wanaume wanne. Nia yao ilikuwa kuchangisha fedha za tangi la maji na vyoo vya madrasa ya wasichana, ambao mpaka wakati huo walikuwa wakichota maji ya udhu kwa ndoo kutoka nyumba ya jirani. Suala la mahram, tuliloulizwa mara nyingi kuliko yote, lilikwisha siku ya kwanza: wanawake watatu walikwenda na waume zao, na binti yetu alikwenda na kaka yake. Waliotaka kulijadili kwa mwezi mzima tuliwaacha walijadili.

Kilimanjaro ni nchi ya watu, nayo haiko mbali. Kutoka Mombasa msafiri hufika Voi, akaishika njia ya Taveta, akavuka mpaka Holili, na kabla ya jua kutua yumo Moshi. Anahitaji pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, basi. Wala watu wa pwani si wageni wa njia ile. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai, aliuona weupe juu ya kilele, na wataalamu wa Uingereza wakambishia kwa miaka mingi kuwa theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Aliyemwongoza njia alikuwa mtu wa kwetu, Bwana Kheri. Rebmann ameandika kwamba kiongozi wake aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Mama watoto alipousikia mkasa huo alisema kuwa Bwana Kheri alikuwa amekwisha kutoa orodha ya mizigo.

Lakini baridi si adui wa kwanza. Adui wa kwanza ni hewa yenyewe. Kilele cha Uhuru kina urefu wa mita 5,895, na huko kila pumzi humletea mtu takriban nusu ya oksijeni anayoipata akiwa kando ya bahari. Mwili huweza kuizoea hali hiyo kwa kiasi, lakini huizoea kwa siku, si kwa saa. Madaktari wa milima husema kwamba mtu akishapita mita 3,000, asilale usiku mahali palipo juu kwa zaidi ya mita 500 kuliko alipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike. Sasa itazame njia ya Marangu, ambayo kikundi chetu kiliichagua kwa kuwa ina vibanda vya mbao na vitanda, na wanawake waweza kulala peke yao chini ya paa. Kituo cha Mandara kiko mita 2,720, Horombo mita 3,720, Kibo mita 4,720. Kila hatua ni mita 1,000 kamili. Ndiyo sababu tuliposikia kuwa iko safari ya siku tano yenye bei nafuu, tulikataa, tukasimamia ya siku sita, yenye usiku wa pili pale Horombo. Ziko njia nyengine, kama Lemosho, zinazochukua siku saba au nane na kuupa mwili nafasi bora zaidi, lakini huko watu hulala kwenye mahema. Kila familia ipime lake. Sisi twasema tu kwamba anayepunguza siku ili apunguze gharama, amepunguza pasipofaa.

Kwa hivyo kabla ya kununua hata soksi, tuliwapeleka watoto kwa daktari. Tulidhani atapima shinikizo la damu, sukari na mapafu, na kweli alivipima. Kisha akaagiza kipimo ambacho hakuna kati yetu aliyekitarajia, kipimo cha seli mundu. Akatueleza kwamba katika nchi za malaria kama pwani yetu, wako watu wengi waliorithi tabia hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu. Hawaumwi, huoa, huzaa, huzeeka, na wengine hawajui kabisa kuwa wanayo. Lakini kwenye hewa nyepesi ya mlimani, chembe zao za damu zaweza kujikunja na kuiumiza bandama. Haimpati kila mmoja, ila imepata kuwapata watu waliokuwa wazima kabisa asubuhi yake.

Watoto wetu walitoka salama. Aliyepatikana na tabia hiyo alikuwa ni yule bibi aliyekianzisha kikundi, aliyebuni safari, aliyetembea mlango kwa mlango na daftari la michango. Daktari alimshauri asipande. Tulikuwapo nyumbani kwao jioni ile alipoileta karatasi, nasi hatutausahau uso wake. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akamuuliza mumewe ni nani atakayechukua daftari. Yeye na mumewe wakabaki Mombasa, kikundi kikawa cha watu sita. Twamtaja hapa kwa idhini yake, kwa sababu yeye mwenyewe ametaka kila binti wa pwani anayeufikiria mlima ajue kuwa kipimo hicho kipo.

Mazoezi hayakuwa na hoja nyingi. Mombasa haina mlima, lakini ina ngazi. Binti yetu na kaka yake walikuwa wakizipanda na kuzishuka ngazi za jumba la ghorofa sita baada ya Alfajiri, wakiwa na begi la mgongoni lenye pakiti tatu za unga, yaani kilo sita. Majirani walidhani wanauza. Mara mbili walikwenda milima ya Taita, wakapanda Vuria, ambao ni mita 2,208, wakarudi na malengelenge ya visigino. Hayo ndiyo faida kubwa ya mazoezi: buti zilijulikana ubaya wake zikiwa bado karibu na nyumbani.

Sasa tufike kwenye jambo lililotukosesha usingizi, nalo halimo katika mizani yoyote.

Daftari la michango lilikuwa na majina mengi, na mengi yalikuwa mepesi: huyu shilingi mia mbili, huyu mfuko wa saruji. Lakini mfanyabiashara mmoja, mtu mkarimu ambaye mkono wake umefika katika misikiti mingi, alikuwa ameahidi tangi la lita 10,000 iwapo binti yetu angepigwa picha pale kileleni. Watu waliifurahia ahadi hiyo. Sisi ilitukaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Fikiri, ndugu msomaji. Maradhi ya mlimani huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu, chakula kutopendeza. Hayo yakiwa madogo mtu hupumzika, hunywa maji, asubuhi akaamka mzima. Yakizidi, maji hujaa mapafuni na mtu akahema hata akiwa amekaa, au ubongo huvimba, akaanza kuyumba na kusema yasiyo na maana. Hapo dawa ni moja tu iliyo ya yakini, nayo ni kushuka, papo hapo, usiku kwa usiku. Na anayetakiwa kusema kuwa anaumwa ni yeye mwenyewe, ilhali akili yake ndiyo inayopotea. Mwongozaji humchunguza, ndiyo, lakini mtu aliyekusudia kuficha huweza kuficha kwa saa nyingi. Na ni kitu gani kitakachomfanya binti wa madrasa afiche maumivu yake, kama si deni la watoto wenzake?

Tulimwendea bwana yule nyumbani kwake baada ya Isha. Alitukaribisha kwa kahawa na haluwa, tukamweleza.

"Sheikh," akasema, "mimi nimesema kileleni. Akifika, tangi liko. Wafadhili wote hufanya hivi, ndiyo humpa mtu hima."

Tukamwambia, "Bwana, hatukuja kukuomba uongeze kitu. Twakuomba uondoe sharti."

"Kwani hofu ni nini?"

"Hofu ni saa tisa za usiku. Kichwa kinamgonga, miguu haimtii, naye anawakumbuka wale watoto na ndoo zao. Ataona haya kurudi. Nawe hutaki tangi lako linunuliwe kwa bei hiyo."

Akanyamaza. Tukamweleza na habari za Hans Meyer, Mjerumani ambaye ndiye wa kwanza kujulikana kuwa alikifikia kilele kile, mwaka 1889. Mtu huyo alikuwa amejaribu mwaka 1887 akarudi. Lau asingalirudi mara ya kwanza, asingalikuwapo wa kufika baadaye.

Bwana yule alikitazama kikombe chake, kisha akasema, "Basi nitatoa la lita 5,000, bila sharti lolote. Hilo jengine libaki langu."

Tulimshukuru, na shukrani zetu zilikuwa za kweli. Wako waliosema mtaani kuwa tumewapotezea watoto lita 5,000, na hesabu yao ni sahihi. Tangi lilisimamishwa kabla kikundi hakijaondoka, kwa ombi letu, ili binti alione kwa macho yake likiwa na maji ndani. Usiku ule tukamkalisha yeye na kaka yake, tukawaambia kuwa wana ruhusa yetu ya kurudi kutoka popote, hata kama ni hatua kumi kutoka kwenye kibao cha kileleni, wala hakuna mtu nyumbani atakayeuliza kwa nini. Bibi yao, ambaye ana miaka inayozidi themanini na hakuwahi kuelewa huko juu kuna nini, alidakia: "Hata kutoka Voi rudini."

Baada ya hapo ndipo tukaanza kununua.

Mavazi ya mlimani huvaliwa kwa tabaka tatu: nguo ya ndani ya joto inayoshika mwili, nguo nzito ya kati, na koti la nje lisilopitisha upepo wala mvua. Kanuni moja yatosha kuzikumbuka zote, kwamba pamba haifai kukaa karibu na ngozi. Pamba hunywa jasho, na jasho likipoa humgandamiza mtu kwa baridi. Kwa wanawake wetu maana yake ni kwamba ile kofia ya ndani ya hijabu, ambayo aghalabu ni ya pamba, ibaki nyumbani, na mahali pake iwe ya sufu nyembamba au ya kitambaa cha michezo. Hijabu yenyewe iwe ya kuvutwa kichwani, iliyoshonwa, bila pini. Pini hazishikiki kwa vidole vilivyovaa glovu, na chuma juu ya ngozi katika baridi ile ni adhabu. Nikabu hulowa kwa pumzi na kuganda. Soksi ya shingo inayopandishwa mpaka puani huifanya kazi ile ile na hukauka upesi. Buibui si vazi la njia ya mawe, kwani mwenye kulivaa atalikanyaga akiwa anashuka. Binti yetu alishonewa na shangazi yake kanzu mbili pana zinazofika chini ya magoti, zenye mpasuo pembeni, akazivaa juu ya suruali pana. Stara ilikuwa kamili, na miguu ilikuwa huru.

Jaketi la manyoya ya bata, ambalo dukani bei yake humtoa mtu machozi, tulilipata Kongowea kwenye mitumba kwa bei ya kanga. Hakuna mtu Mombasa anayeligombania. Tuliiangalia zipu, tukalinusa, tukalifua kwa mkono na kulianika siku tatu. Begi la kulalia hatukuthubutu kulinunua hivyo, maana lazima mtu ajue linastahimili baridi ya kiasi gani. Hilo tulilitafuta jipya. Buti zilinunuliwa kubwa kwa namba moja, ili soksi nene zikae na vidole visigonge mbele wakati wa kuteremka. Wengi hupoteza kucha wakishuka, si wakipanda.

Miwani ya jua na krimu ya jua wengi wetu huviona kuwa ni mapambo. Huko juu jua huchoma kuliko ufukweni, na mwangaza unaorudi kutoka kwenye barafu huweza kumpofua mtu kwa siku kadhaa. Tochi ya kichwani ni ya lazima, kwa sababu kutoka Kibo watu huanza kupanda karibu na saa sita za usiku. Betri hufa kwa baridi, basi simu na betri za akiba hulala ndani ya begi la kulalia pamoja na mwenyewe. Chupa ya maji hubebwa kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu, na mdomo wa chupa ukiganda mwenye chupa hana maji.

Iko bima nayo. Bima nyingi za safari huweka kikomo cha urefu, na kikomo hicho mara nyingi kimeandikwa kwa herufi ndogo. Msome mpaka muone mita 6,000 zimetajwa.

Mambo ya akina mama tutayasema kwa ufupi na bila kuona haya, kwani asiyeyajua huteseka. Urefu wa mlima huweza kuibadilisha siku ya hedhi, basi kila mmoja na achukue vitu vyake hata kama hesabu yake inamwambia la, pamoja na mifuko ya kurudishia taka chini. Dawa iitwayo Diamox, ambayo daktari humpa mtu ili kuusaidia mwili kuizoea hewa, humwamsha usiku mara nyingi kwenda haja ndogo na hufanya ncha za vidole ziwashe. Asiitumie mwenye mzio wa dawa za salfa, wala asiinywe mtu kwa ushauri wa barazani. Kwa mja mzito hatuna la kuongeza: mlima utamngoja.

Siku tatu kabla ya safari tuliazima mizani ya muuza mchele. Mpagazi wa Kilimanjaro huwekewa kikomo cha kilo 20, vikiwamo vitu vyake mwenyewe, na begi la msafiri lisizidi kilo 15. La binti yetu lilikuwa na kilo kumi na tisa na nusu. Mama watoto aliitazama mizani kana kwamba ni ya kuibia watu.

Tukalifungua sebuleni. Kulikuwa na chupa ya achari ya embe ya kilo mbili, ya kioo. Kulikuwa na chupa ya chai ya chuma, kubwa ya kutosha harusi. Leso nne. Taulo mbili. Msahafu mkubwa wa nyumbani. Mafuta ya nazi. Sufuria ndogo, ambayo hakuna aliyekubali kuwa ndiye aliyeitia. Mama akitetea, binti akitoa, bibi akirudisha.

"Mama," binti akasema, "haya yote atayabeba mtu shingoni."

"Si analipwa?"

"Analipwa. Lakini shingo ni yake."

Hapo mama watoto akaichukua achari mwenyewe, akaenda nayo jikoni. Tangu kitambo tumekuwa na mashaka na safari za bei ya kutupa, kwa kuwa kitu cha kwanza kupunguzwa ndani yake huwa ni ujira na chakula cha wapagazi. Kuna vijana wanaopanda mlima ule na viatu vya raba ili mgeni apande na buti za ngozi. Kikundi chetu kiliuliza kabla ya kulipa ni kiasi gani mpagazi hupata kwa siku na hula mara ngapi, na tuliwashauri watoto wahesabu bahashishi kama sehemu ya nauli, si kama sadaka ya mwisho wa safari.

Leso zikabaki mbili, zikafanya kazi ya taulo, ya mswala na ya pazia la kubadilishia nguo. Msahafu mkubwa ukapisha mdogo wa mfukoni. Chakula kikawa tende, kashata za ufuta na tangawizi kavu, kwa sababu juu kule hamu ya kula huondoka na mtu huhitaji kitu kitamu cha kumeza kwa lazima. Haluwa tuliitoa, maana huganda ikawa jiwe. Mizani ikasoma kilo kumi na nne na robo.

Kuhusu ibada, wameuliza wengi, na jambo lenyewe ni jepesi kuliko wanavyodhani. Kibla ni kaskazini, karibu sawa na kibla cha Mombasa. Msafiri hupunguza sala na hukusanya. Wapagazi huleta maji ya moto kwenye karai asubuhi na jioni, lakini pale Kibo hapana chemchemi, na kila tone limepandishwa na mtu kutoka chini. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudd moja, ambayo haifiki lita, basi hilo ndilo la kufuata pale ambapo maji yamebebwa na mwenzako. Mwenye khuffu, soksi za ngozi zinazofunika vifundo vya miguu, akizivaa akiwa na udhu hupangusa juu yake siku tatu na masiku yake. Na baridi ikifika hadi ya kuogopewa madhara, iko tayamamu. Amr bin al-Aas aliamka na janaba usiku wa baridi kali wakiwa vitani, akahofia nafsi yake, akatayamamu na kuwasalisha wenziwe. Mtume alipoelezwa alicheka, wala hakusema kitu. Twalitaja hili kwa sababu wako wacha Mungu wanaodhani kuwa kujiumiza ndiko kuzidisha.

Walisafiri wakati wa kaskazi. Mlimani neno walilolisikia zaidi lilikuwa letu, *pole pole*, likitamkwa na wageni wa kila rangi ambao hawajui neno jengine la Kiswahili. Usiku wa kilele, Alfajiri iliwakuta kwenye mteremko wa changarawe. Walipofika Gilman's Point, mita 5,685, ukingoni mwa kilele, kaka yake, kijana mwenye misuli kuliko wote, alianza kumwita mwongozaji kwa jina la mwalimu wake wa skuli. Mwongozaji akamtaka atembee kisigino mbele ya kidole, kama anayepita juu ya kamba. Hatua ya tatu akayumba.

Wanne waliendelea, wakafika Uhuru salama. Binti yetu alishuka na kaka yake. Alituambia kwa simu kutoka Horombo kwamba mwongozaji alimwambia aweza kuendelea na wenzake, kwani yuko mtu wa kumteremsha mgonjwa, naye akajibu kuwa kwao wamekwisha kumpa ruhusa. Jioni ile kaka yake aliomba ugali.

Jaketi, begi la kulalia, fimbo mbili, tochi na zile kanzu mbili vimefuliwa na vimo kabatini kwetu, navyo ni vya kuazimwa. Buti hatuazimi, maana buti huchukua umbo la mguu wa mwenyewe na humuumiza mwengine. Anayevitaka aje baada ya Alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa, na aje na cheti chake cha damu mkononi.